Kuchora Kabla ya Kuandika Msimbo: Michoro ya Kupanga Mfumo wa Chama cha Akiba na Mikopo

Chama cha akiba kinapomwendea mtengenezaji wa programu, aghalabu huja na ombi la sentensi moja: tunataka mfumo wa kurekodi michango na mikopo yetu. Wote waliomo kikaoni huitikia, kwa kuwa kila mmoja anaielewa sentensi hiyo kwa namna yake. Mweka hazina anawazia daftari lake likihamishiwa kwenye kompyuta. Katibu anawazia ujumbe mfupi utakaowakumbusha wanachama tarehe ya kulipa. Mwenyekiti anawazia ripoti ya mwisho wa mwaka ya kugawana faida. Naye mtengenezaji anawazia majedwali ya hifadhidata. Tofauti hizo hazisikiki katika mazungumzo, ila hujitokeza mara tu mtu anaposhika kalamu na kuchora kisanduku na mshale, kwa sababu mshale hauna budi kutoka mahali na kufika mahali, na hapo ndipo mtu wa kwanza husema, "Hapana, sisi hatufanyi hivyo."

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchora michoro inayoleta kauli kama hiyo mapema, kabla mfumo haujajengwa. Mfano nitakaoutumia ni mmoja: chama nchini Kenya chenye wanachama thelathini, kinachokusanya michango kila mwezi kwa M-Pesa, kinachowakopesha wanachama wake kwa udhamini wa wenzao wawili, na kinachotoza faini kwa anayechelewa. Nimeuchagua kwa sababu mfumo unaoshika fedha za watu hausamehe jambo lolote lililoachwa bila kuamuliwa.

Andika swali juu ya karatasi

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika michoro ya programu ni mchoro mmoja mkubwa unaotaka kusema kila kitu: watumiaji, seva, majedwali, kurasa za tovuti na hatua za malipo, vyote vimeunganishwa kwa mishale ambayo mmoja unamaanisha "hutuma data", wa pili "hutegemea" na wa tatu "hufuata baada ya". Mchoro wa namna hiyo hupendeza ukutani, lakini hakuna anayeweza kuukosoa, na mchoro usioweza kukosolewa haujafanya kazi yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, andika juu ya karatasi swali moja ambalo mchoro utalijibu. Nani anautumia mfumo na unawasiliana na mifumo gani ya nje? Ni mambo gani yanahifadhiwa, na yanahusianaje? Nini hutokea, hatua kwa hatua, mwanachama anapolipa? Mkopo hupitia hali gani tangu uombwe hadi uishe? Kazi ipi itangulie ipi? Kila swali lina mchoro unaolifaa. Lugha ya UML, yaani lugha sanifu ya kuchorea mifumo ya programu, iliyoasisiwa na Grady Booch, Ivar Jacobson na James Rumbaugh na kukubaliwa kuwa kiwango na OMG, shirika linaloweka viwango vya programu, mwaka 1997, ina aina 14 za michoro katika toleo lake la 2.5, na anayeanza huiona idadi hiyo akadhani kwamba anatakiwa kuichora yote. Hatakiwi. Katika mwongozo huu zinatumika mbili tu za UML, ule wa mfuatano na ule wa hali, pamoja na michoro mingine michache iliyotoka kwingineko.

Mpaka wa mfumo

Mchoro wa kwanza ni mwepesi, na usichukue zaidi ya nusu saa. Chora kisanduku kimoja katikati, ukiite "Mfumo wa chama", kisha ukizungushie watu na mifumo yote inayogusana nacho: mwanachama, mweka hazina, katibu, mkaguzi wa hesabu, M-Pesa, benki ya chama, na kampuni inayotuma ujumbe mfupi. Juu ya kila mshale andika kitenzi na kitu kinachopita, kwa mfano "hutuma taarifa ya malipo" au "huomba orodha ya wadaiwa". Mpango wa C4 wa Simon Brown, unaochora mfumo kwa ngazi kutoka mbali hadi karibu, huuita huu mchoro wa muktadha na kuuweka katika ngazi ya kwanza kati ya ngazi nne. Ngazi ya pili huonyesha sehemu kubwa za mfumo, kama vile tovuti, seva na hifadhidata. Kwa mfumo wa ukubwa huu sioni sababu ya kuvuka ngazi ya pili, kwani mbili zilizobaki hubadilika kila msimbo unapobadilika.

Faida ya mchoro huu ni yale yanayobaki nje. Je, mwanachama mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, ataujuaje mfumo? Kama jibu ni kwamba ataletewa ujumbe mfupi tu, basi hana mshale unaoingia kwenye mfumo, na mtu mwingine lazima amwombee mkopo kwa niaba yake. Uamuzi huo hubadilisha ruhusa za watumiaji wote.

Data na idadi zake

Mchoro wa vitu na uhusiano wao, uliopendekezwa na Peter Chen mwaka 1976, bado ndio njia bora ya kuzungumza juu ya hifadhidata na watu wasiojua hifadhidata. Orodhesha nomino zinazotajwa kikaoni: mwanachama, mchango, mkopo, rejesho, faini, mdhamini, muamala. Kila nomino iwe kisanduku, kisha unganisha visanduku kwa mistari na uweke kwenye ncha za kila mstari alama ya idadi: kimoja, au vingi. Wengi hutumia alama ya mguu wa kunguru, yaani mstari unaogawanyika mara tatu mwishoni, kuonyesha upande wenye vingi.

Alama hizo za ncha ndizo zenye thamani, kuliko visanduku vyenyewe, kwa kuwa kila moja ni kanuni ya chama. Je, mwanachama anaweza kuwa na mikopo miwili ambayo haijalipwa kwa wakati mmoja? Je, mtu anaweza kudhamini mikopo mingapi? Kwa kuwa mkopo mmoja una wadhamini wawili na mwanachama mmoja anaweza kudhamini mikopo kadhaa, pande zote mbili ni nyingi, na hapo utahitaji kisanduku cha katikati, Udhamini, ambacho ndicho kitakachobeba kiasi alichodhamini kila mmoja na tarehe aliyokubali.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi kazi ya mchoro huu ni wa malipo. Mwanachama anatuma shilingi 5,000 kwa muamala mmoja. Mweka hazina, katika daftari lake, anaandika 2,000 kwenye safu ya mchango wa mwezi, 200 kwenye safu ya faini, na 2,800 kwenye safu ya rejesho. Mtengenezaji aliyechora mstari wa moja kwa moja kati ya Muamala na Mchango amejenga mfumo usioweza kuandika jambo ambalo mweka hazina huliandika kila mwezi bila kufikiri. Suluhisho ni kisanduku kingine, Mgawanyo, kati ya muamala na matumizi yake, pamoja na sharti kwamba jumla ya migawanyo ya muamala mmoja ilingane na kiasi chake. Kuliongeza kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja. Kuliongeza wakati hifadhidata ina rekodi za mwaka mzima ni kazi ya siku kadhaa zenye wasiwasi mwingi.

Amua pia, ukiwa hapo hapo, kitakachomtambulisha mwanachama. Nambari ya simu huvutia kwa sababu kila mtu anayo, lakini watu hubadilisha laini, na wengi hulipa kwa simu ya mume, mke au mtoto. Mpe kila mwanachama nambari ya uanachama iwe ufunguo mkuu, yaani kitambulisho kisichobadilika katika hifadhidata, na simu iwe taarifa inayoweza kubadilika.

Mfuatano wa malipo

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwani mchoro wa mfuatano ndio unaookoa fedha. Andika washiriki juu ya karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia: Mwanachama, Programu ya chama, Seva ya chama, na Daraja, ambalo ni jukwaa la Safaricom linaloziunganisha programu za watu na M-Pesa. Chini ya kila mshiriki shusha mstari wa wima. Muda unasonga kutoka juu kwenda chini, na kila ujumbe ni mshale wa mlalo kati ya mistari miwili.

Njia njema ni hii. Mwanachama anabonyeza "Lipa". Programu inaijulisha seva. Seva inatuma kwa Daraja ombi la malipo la STK, yaani lile linalofungua dirisha la kulipa kwenye simu ya mlipaji. Daraja linajibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na jibu hilo lina utambulisho uitwao CheckoutRequestID pamoja na ResponseCode yenye thamani ya 0. Kisha dirisha linatokea kwenye simu ya mwanachama, naye anaingiza nambari yake ya siri. Baada ya hapo, kwa safari nyingine kabisa, Daraja linaipelekea seva matokeo katika anwani iliyotajwa kwenye ombi, yakiwa na ResultCode: 0 ikiwa fedha zimelipwa, 1032 ikiwa mwanachama ameghairi, 1037 ikiwa simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati.

Ukiichora mishale hiyo kwa mpangilio wake, utaona kwamba sufuri ya kwanza na sufuri ya pili ni vitu viwili mbalimbali. Ya kwanza inasema ombi limefika. Ya pili ndiyo inayosema fedha zimefika. Msimbo ulioandikwa bila mchoro huu huwa rahisi kuichukulia sufuri ya kwanza kuwa malipo, na mwanachama aliyeghairi akaandikiwa mchango ambao hakuutoa.

Baada ya njia njema, chukua kalamu nyekundu na upitie kila mshale ukiuliza maswali matatu: Je, usipofika? Je, ukifika mara mbili? Je, ukichelewa? Mshale wa matokeo usipofika, pengine kwa sababu seva ilikuwa imezimika kwa dakika chache, mwanachama atakuwa amekatwa fedha na chama hakijui. Kwa hiyo ongeza mshale ambao seva, baada ya muda uliokubaliwa, inaliuliza Daraja hali ya muamala kwa kutumia ile CheckoutRequestID. Ukifika mara mbili, mchango utaandikwa mara mbili, isipokuwa kama nambari ya risiti ya M-Pesa imewekewa katika hifadhidata sharti la kutojirudia. Ukichelewa, mwanachama asiye na subira atabonyeza "Lipa" tena. Basi mchoro uonyeshe kwamba ombi la kwanza likiwa bado linasubiri, programu hairuhusu la pili la kiasi hicho hicho, nayo humwambia mwanachama waziwazi kwamba malipo yake yanathibitishwa. Mchoro usio na mishale myekundu haujakamilika, hata ungekuwa safi namna gani.

Hali za mkopo

Mkopo si kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho; una hali, na kila hali inaruhusu baadhi ya mambo na kukataza mengine. Michoro ya hali tunayoitumia leo inadaiwa sana kazi ya David Harel ya mwaka 1987. Inaweza kuchorwa kwa mkono, au kuandikwa kwa maandishi ambayo programu kama Mermaid huyageuza kuwa picha. Huu hapa mkopo wa chama chetu, ambapo alama [*] ni mwanzo au mwisho:

```
stateDiagram-v2
    [*] --> Umeombwa
    Umeombwa --> Umedhaminiwa: wadhamini wawili wamekubali
    Umeombwa --> Umekataliwa: mdhamini amekataa
    Umedhaminiwa --> Umeidhinishwa: kamati imepitisha
    Umedhaminiwa --> Umekataliwa: kamati imekataa
    Umeidhinishwa --> Umetolewa: fedha zimemfikia mkopaji
    Umetolewa --> Umechelewa: tarehe ya rejesho imepita
    Umechelewa --> Umetolewa: deni la nyuma limelipwa
    Umetolewa --> Umelipwa: salio ni sufuri
    Umelipwa --> [*]
    Umekataliwa --> [*]
```

Usomwe polepole. Mkopaji aliyechelewa akipata fedha na kulipa deni lote kwa mkupuo, aende wapi? Hakuna mshale unaotoka Umechelewa kwenda Umelipwa. Je, mfumo umpitishe kwanza Umetolewa, na faini ya kuchelewa ihesabiwe hadi lini? Je, mdhamini mmoja akikataa, ombi life hapo hapo kama mchoro unavyosema, au mkopaji apewe nafasi ya kutafuta mdhamini mwingine? Maswali ya namna hii hayajibiwi na mtengenezaji wa programu. Yanajibiwa na katiba ya chama, na ikiwa katiba iko kimya, yanapelekwa kwenye mkutano.

Ili usitegemee jicho pekee, geuza mchoro uwe jedwali: hali zote kwenye safu mlalo, matukio yote kwenye safu wima, na katika kila chumba andika hali itakayofuata au neno "haiwezekani". Vyumba vitakavyobaki vitupu ndivyo orodha yako ya maswali. Usiogope kuingiza matukio mazito, kama vile mdhamini kujiondoa chamani baada ya mkopo kutolewa, au mkopaji kufariki. Kikundi kinachoaminiana huona vigumu kuyazungumza, lakini ni heri yaamuliwe kwa utulivu kuliko siku yatakapokuwa yametokea.

Mchoro wa mtiririko, wenye mstatili kwa hatua na almasi kwa uamuzi, kama zilivyowekwa katika kiwango cha ISO 5807 cha mwaka 1985, uweke akiba kwa hesabu zenye masharti mengi. Katika mfano wetu unafaa mahali pamoja tu: namna ya kukokotoa faini.

Chati ya kazi na muda

Ukishajua unachojenga, panga utakavyokijenga. Chati ya Gantt, inayobeba jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt, huonyesha kila kazi kama mlia juu ya kalenda. Udhaifu wake ni kwamba huvutia watu kuanza kuchora milia kabla ya kujua kazi zinavyotegemeana. Chora kwanza mtandao wa utegemezi: kila kazi kisanduku, kila mshale "haiwezi kuanza kabla ya".

Tuseme makubaliano ya michoro yanahitaji wiki 1, hifadhidata wiki 1, malipo wiki 3, ripoti wiki 2, na majaribio ya malipo halisi wiki 2. Tuseme pia kwamba kupata nambari ya Paybill ya chama, yaani ya kupokelea malipo ya M-Pesa, na idhini ya kuitumia kutoka kwenye mfumo kunachukua wiki 4. Ripoti na malipo zote zinaisubiri hifadhidata, na majaribio yanazisubiri zote mbili pamoja na idhini. Njia ndefu ni 1 + 1 + 3 + 2, yaani wiki 7. Ripoti zina wiki moja ya ziada, kwa hiyo zikichelewa siku mbili usimsumbue mtu. Malipo hayana hata siku moja. Sasa angalia idhini: ikianza kuombwa siku ya kwanza, itakuwa tayari wiki ya 4 imalizikapo, kabla ya kuhitajika. Ikiombwa baada ya msimbo wa malipo kukamilika, mwishoni mwa wiki ya 5, majaribio yataanza baada ya wiki ya 9 na kazi itakwisha wiki ya 11. Wiki nne zimepotea bila mtu yeyote kufanya kazi taratibu. Kwa hiyo, kazi zote zinazotegemea taasisi za nje zipakwe rangi yake na ziwekwe mwanzo wa chati.

Kupitia michoro na wenye chama

Usiitume michoro kwa barua pepe ukangoja idhini, kwa kuwa mtu asiyeielewa atajibu kwamba iko sawa. Keti na mweka hazina, umwombe aje na daftari la mwezi uliopita, mchague kurasa zenye mambo ya kawaida na zenye mambo ya ajabu, kisha mfuate kila rekodi kwa kidole juu ya mchoro: fedha hizi ziliingia kwa mshale upi, zimegawanywa wapi, mkopo huu ulikuwa katika hali gani siku hiyo. Rekodi isiyo na mahali pa kupita imegundua kasoro. Michoro ya kikao hiki iwe ya kalamu, kwenye karatasi kubwa au ubao, kwani watu husita kusahihisha kitu kinachoonekana kimekamilika.

Baada ya kikao, nakili ile iliyokubaliwa kwa zana ya kompyuta. Kwa anayependa kuburuta visanduku, draw.io inatosha na ni ya bure. Mimi napendelea michoro ya maandishi, Mermaid au PlantUML, kwa sababu hukaa katika hazina moja (repository) na msimbo, mabadiliko yake huonekana mstari kwa mstari, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, imekuwa ikiionyesha ya Mermaid moja kwa moja tangu mwaka 2022. Weka kwenye kila mchoro swali lake, tarehe, na maelezo ya alama. Anayebadilisha kanuni ya mkopo katika msimbo abadilishe mchoro wa hali katika badiliko lilo hilo, na mkaguzi wa msimbo akatae lililoacha mchoro nyuma.

Si michoro yote inayostahili kutunzwa namna hiyo. Michoro ya data, ya mfuatano wa malipo na ya hali za mkopo itunzwe maadamu mfumo unaishi. Chati ya kazi ifutwe mfumo ukishaanza kutumika, na michoro mingine yote iliyosaidia mjadala wa siku moja ipigwe picha, iambatanishwe na kumbukumbu za kikao, na karatasi zake zitupwe.